Nifanye nini ili mjomba asifutike?

SWALI

Mshauri, salamu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefariki wiki tisa zilizopita. Ndiye aliyenisomesha, na mambo yangu mengi nilikuwa nikimwambia yeye kabla ya mzazi.

Simu yake iko kabatini kwa mkaza mjomba, imezimika. Binamu yangu mdogo anaitaka. Anasema ataifuta yote irudi kama ilivyotoka dukani, aitumie. Kuna boksi la picha, nyingi hazina jina wala mwaka, nyingine zimenata kwenye albamu. Kuna na kaseti tatu ambazo mama anasema sauti ya mjomba imo, ila hatuna cha kuzichezea.

Familia imenipa kazi: mwaka ukitimia niandike kijitabu cha kumkumbuka, na siku hiyo nisome maneno machache. Nikikaa kuandika natoa "alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu". Nikirudia kusoma naona huyo anaweza kuwa mtu yeyote. Halafu kuna hili: mjomba hakuwa mwepesi wa kuomba radhi. Alinuniana na ndugu yake mmoja miaka mingi, na huyo ndugu bado yuko hai. Kila mtu anajua. Mama anasema marehemu hasemwi. Niliache?

La mwisho. Kazini nilipoomba ruhusa niliulizwa, "Mjomba tu?" Tangu hapo nimekuwa nikijificha nikilia. Nina jumbe zake za sauti kwenye WhatsApp lakini siwezi kuzifungua, na wakati huohuo naogopa nitaisahau sauti yake.

Mpwa

JIBU

Ndugu Mpwa, pole sana.

Umeuliza mengi, na tutayajibu kwa mpangilio tofauti na wako. Tunaanza na vinavyofutika vyenyewe usipovigusa. Picha iliyokaa kwenye boksi miaka thelathini itakuvumilia mwezi mwingine. Ujumbe wa sauti huenda usikuvumilie wiki.

Chukua simu yako wewe, leo. Ingia kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp, gusa jina la mjomba pale juu, utazame kama mlikuwa mmewasha mpangilio wa ujumbe unaotoweka. Muda wake uko wa aina tatu: saa 24, siku 7 na siku 90. Ikiwa ni siku 90, basi jumbe alizokutumia mwezi wake wa mwisho zinafutika moja moja hivi sasa, na zile za siku zake za mwisho kabisa zimebakiza chini ya wiki nne. Ikiwa umezimwa, una nafasi ya kupumua, lakini zitoe nje ya WhatsApp hata hivyo. Simu huibwa, huanguka, hujaa, na mtu akisafisha nafasi kwa haraka hufuta faili za sauti bila kujua ni za nani.

Kuzihifadhi hakukulazimishi kuzisikiliza. Bonyeza ujumbe wa sauti bila kuachia mpaka uchaguliwe, gusa alama ya kushiriki, uupeleke kwenye barua pepe yako au kwenye hifadhi ya faili. Hutasikia hata neno moja. Ukiona zimekuwa nyingi, kwenye mipangilio ya mazungumzo yenyewe kuna njia ya kuyahamisha yote nje pamoja na sauti na picha zake. Njia hiyo hubeba jumbe 10,000 za karibuni, au 40,000 ukiacha sauti na picha. Mkono ukikataa kabisa, mpe rafiki unayemwamini simu kwa nusu saa aifanye kazi hiyo mbele yako.

Kama simu yako ni ya Android, utazikuta pia kwenye folda ya sauti za WhatsApp, zikiwa na majina ya mtindo wa PTT-20240312-WA0007.opus. Tarakimu nane za katikati ni mwaka, mwezi na siku. Jina la mtumaji halimo, na sauti za watu wote huchanganyika humo, kwa hiyo usitegemee folda hiyo kujua ipi ni ya mjomba. Zitoe ukiwa ndani ya mazungumzo yake, kisha uzipe majina upya kwa kuanza na mwaka: 2024-03-12_mjomba_kuhusu-safari. Ukianza na mwaka, faili zitajipanga zenyewe. Usitegemee tarehe ambayo kompyuta inaonyesha pembeni, maana mara nyingi hiyo ni tarehe ya siku uliyonakili. Faili za opus hukataa kufunguka kwenye baadhi ya programu, lakini programu ya VLC huzifungua. Tengeneza nakala za MP3 za kuwagawia ndugu, lakini faili asilia usiiguse.

Sasa simu ya mjomba. Binamu asubiri.

WhatsApp hufuta akaunti ambayo haijaunganishwa na mtandao kwa siku 120. Wiki tisa ni siku 63, kwa hiyo kama simu ilizimika siku ileile, mmebakiwa na chini ya miezi miwili. Akaunti ikifutwa, mazungumzo yaliyo kwenye simu yako wewe hayaondoki. Kitakachotokea ni kwamba kwenye makundi ya familia itaandikwa kuwa mjomba ameondoka kwenye kundi. Mstari huo mmoja umeshaliza watu wengi usiku wa manane, kwa hiyo waambieni ndugu mapema, au simu iwashwe na iunganishwe mtandaoni mara moja moja.

Kabla ya kuichaji, itazame mgongo. Ikiwa imevimba au kioo kimeanza kujitenga na fremu, betri imeharibika. Usiichaji, ipelekwe kwa fundi abadilishe betri tu, na aambiwe waziwazi asifute chochote. Ikiwa iko sawa, ichaji laini yake ikiwa ndani. Laini hiyo ndiyo hupokea namba za uthibitisho za barua pepe na akaunti nyingine, kwa hiyo ikipotea mnafungiwa nje kotekote. Kampuni za simu pia huirudisha namba iliyolala sokoni baada ya muda wake, na siku moja mtu msiyemjua atatokea kwenye WhatsApp zenu kwa jina la mjomba na picha yake mwenyewe. Ulizeni kampuni husika laini inaruhusiwa kulala muda gani, muitumie kabla muda huo haujaisha.

Namba ya siri msibahatishe. Simu iliyokuwa imezimwa haikubali alama ya kidole wala uso mpaka namba iingizwe kwanza, na kila kosa huongeza muda wa kufungiwa. Kwenye iPhone, ikiwa mwenyewe aliwasha kinga ya kufuta data, kosa la kumi linafuta kila kitu. Muulizeni mke wake na watoto; mara nyingi mmoja wao anaijua. Na hapa tuwe wazi: simu hii ni ya mjane na watoto, si ya mpwa, hata kama mpwa ndiye anayeelewa kompyuta. Omba ruhusa, fanya kazi ukiwa nao, nakili picha, video, sauti alizorekodi na orodha ya majina. Mazungumzo yake na watu wengine usiyafungue. Masuala ya pesa zilizomo kwenye simu au benki yapitie utaratibu wa mirathi, hata kama namba ya siri inajulikana, maana kuzihamisha kimyakimya ndiko kunakozaa kesi za ndugu kwa ndugu.

Ikiwa alitumia Android, huenda picha zake zimo pia kwenye akaunti ya Google, na Google ina sera ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Msijisahau. Kwa Facebook, familia inaweza kuomba ukurasa ugeuzwe kuwa wa kumbukumbu kwa kuwasilisha uthibitisho wa kifo. Ukishageuzwa hakuna anayeweza kuingia tena kwa nywila yake, na Facebook huacha kuwakumbusha watu siku yake ya kuzaliwa. Baadhi ya familia hulitaka hilo haraka, nyingine hupenda kuona salamu zikija kila mwaka. Mjane aamue.

Kila kitu kikishanakiliwa, kiweke mahali patatu: kompyuta moja, diski au flashi moja, na nakala moja nje ya nyumba hiyo, iwe ni kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi peke yake haitoshi, hasa ikiachwa kwenye droo miaka na miaka. Fungua faili kumi hivi kutoka kila nakala uhakikishe zinacheza. Siku hiyo binamu apewe simu, na muwe mmeshahamisha laini.

Kaseti. Usikubali zichezwe kwenye redio yoyote iliyookotwa stoo, kwa sababu mpira uliokauka ndani ya redio ndio unaokula utepe. Kwanza vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma wa kila kaseti. Bila hivyo, mtu akigusa kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya sauti ya mjomba inafunikwa. Tazama kupitia dirisha la kaseti: ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiicheze, mpelekee mtaalamu. Tazama pia upande ulio wazi, pale katikati nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha kitambaa kinachoubana utepe kwenye kichwa cha mashine. Kikidondoka, sauti huwa hafifu kama mtu anayesema nyuma ya mlango, na watu hudhani rekodi imekufa. Kipande hicho hubandikwa kingine kutoka kwenye kaseti isiyo na thamani.

Ukipata mashine nzima, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, jaribu kwanza kaseti ambayo hata ikiliwa hamtalia, kisha ipeleke ya mjomba mbele mpaka mwisho na kuirudisha yote ili utepe ujilaze sawa. Unganisha tundu la spika za masikio na kompyuta kwa waya. Kurekodi kwa kuweka simu mbele ya spika ni njia ya mwisho kabisa, maana utanasa na jogoo, na mlango, na watoto. Rekodi upande mzima bila kusimamisha: kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande, C90 ina 45. Punguza kiwango cha sauti mpaka vilele vyake visiguse nyekundu. Sauti ikipasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki tena. Hifadhi kama WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa. Ukichagua 48 kHz na biti 24 kwa njia mbili kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi, saa moja itachukua takriban GB 1. Kelele za nyuma ziache kwenye nakala hiyo. Kama unataka toleo lililosafishwa, litengeneze pembeni.

Kwa picha, usibandue chochote kabla ya kuipiga picha albamu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, jinsi ilivyo. Mpangilio wa kurasa ni ushahidi: picha isiyo na mwaka iliyokaa kati ya harusi mbili zinazojulikana imeshakupa jibu lake. Zilizonata jaribu kuzipitishia nyuma uzi wa kusafishia meno, polepole, ukivuta kushoto na kulia. Zikikataa ziache hapohapo. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiivute kabisa. Iskani ikiwa ndani ya kioo.

Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), utapata kama pikseli 2,400 kwa 3,600, na inaweza kukuzwa mara mbili bila kuharibika. Zile ndogo za pasipoti panda hadi 1,200. Huna skana? Iweke picha ilale bapa karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, zima flashi ya kamera, simu iwe sambamba na picha. Nyuma ya kila picha andika namba ndogo pembeni kwa penseli laini. Kalamu ya wino huchimba ikaonekana upande wa mbele. Usitumie selotepu, rababendi wala kibanio cha chuma. Na ile picha moja nzuri ambayo kila mtu anataka itundikwe sebuleni, itundikwe nakala, ile asilia ikae gizani.

Hapo ndipo penye utajiri, Mpwa, na ndipo watu wengi wanapochelewa: kukaa na wazee. Anza na mwenye umri mkubwa au afya dhaifu, si yule aliye karibu nawe. Saa moja inatosha. Ikizidi, mzee anachoka na kuanza kukujibu ili uondoke. Zima redio na feni, weka mawasiliano ya simu kwenye alama ya ndege ili isiite katikati, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa isinase mitetemo ya meza, karibu naye na si karibu nawe. Mwambie kwamba unarekodi na kwamba akisema "hili usiliweke" hutaliweka.

Usimuulize "mjomba alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa "mtu mzuri sana", na mlango umefungwa. Mpe picha mkononi, useme kwa sauti "picha namba 14", umuombe ataje watu kuanzia kushoto. Namba hiyo iliyotamkwa ndiyo itakayounganisha rekodi na picha miezi sita baadaye, ukiwa umeshasahau mlikuwa mkitazama ipi. Kisha uliza vidogo. Hii imepigwa na nani? Kwa nini hakuvaa viatu? Hiyo baiskeli ilikuwa ya nani, na iliishia wapi? Alikuwa akikaa wapi mezani? Alikuwa akisema nini akikasirika, na nini akitaka wageni waondoke? Baada ya jibu nyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mara nyingi linalokuja baada ya kimya hicho ndilo ulilolifuata. Wazee wawili wakitofautiana mwaka au chanzo cha jambo, usiwasuluhishe. Andika yote mawili na jina la aliyesema.

Ukishakuwa na hayo, tatizo lako la uandishi litakuwa limekwisha nusu. Sababu ya "mcheshi, mkarimu, mpenda watu" kuwa ya mtu yeyote ni kwamba hizo ni hukumu, na msomaji hakuisikiliza kesi. Chukua kila neno la sifa uliloandika, uliulize maswali matatu: nani alimwona akifanya hivyo, lini, na alitamka nini? Tuseme umeandika "mcheshi". Ukichimba, unakumbuka kuwa mtu akimpigia simu akazunguka na salamu ndefu, mjomba alikuwa anamkatiza: "Haya, salamu zimefika, leta hesabu." Andika hilo, na ulifute neno "mcheshi". Huhitaji tena kumwambia mtu kwamba mjomba alichekesha. Neno ambalo halina tukio nyuma yake liondoe, hata kama ni zuri, hata kama mama analitaka.

Maneno ya kusoma siku hiyo yawe ya dakika nne au tano, tukio moja kubwa na mengine mawili ya kupita. Yasome ukiwa umesimama, kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Ukifika dakika tano nyumbani, punguza, kwa sababu siku yenyewe utasoma taratibu zaidi. Chapisha kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 au zaidi, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake, na sentensi isikatike ukurasa ukiisha. Sentensi inayokukaba koo kila ukiisoma iweke katikati, usiiweke mwanzoni wala mwishoni, na utangulie kuisoma mara nyingi mpaka mdomo uizoee. Mpe mtu mmoja nakala, akae mbele, ajue kwamba ukimtazama anainuka kuendelea. Wengi wakishajua yupo, hawamhitaji.

Kuhusu ugomvi wake na ndugu yake. Mama yako ana hoja, lakini haifiki mpaka kwenye kunyamaza kabisa. Tenganisha tabia na siri. Kwamba mjomba hakuwa mwepesi wa kuomba radhi ni tabia, na wote waliomjua wakiisoma watatikisa kichwa kwamba ndiye. Nani alimkosea nani, kwa nini, kwa kiasi gani, hiyo ni siri ya watu wawili, na mmoja wao bado anaweza kuumia. Sentensi moja inatosha. Yanayohusu ugonjwa wake, madeni, au watoto yasiandikwe bila idhini ya wanaoguswa, hata kama ni kweli tupu.

Tungekwenda mbele hatua moja: mfuate huyo ndugu. Usiende kusuluhisha, na usimwombe msamaha kwa niaba ya marehemu. Nenda na picha za utotoni, umwambie unaandika kijitabu na unamhitaji. Walikua pamoja, ana miaka ya mjomba ambayo wewe wala binamu zako hamna. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, mwonyeshe ile sentensi kabla haijachapishwa. Kitu kinachovunja familia kwenye vitabu vya namna hii kwa kawaida si ukweli wenyewe, ni mtu kuukuta umeshachapishwa.

"Mjomba tu" tusiipite. Mpwa huwa hayupo kwenye orodha ya wanaopewa pole kwanza: kuna mjane, kuna watoto, kuna ndugu wa kuzaliwa. Sheria za likizo ya msiba kazini nazo mara nyingi hazimtaji mjomba. Uzito wa msiba haupimwi kwa orodha hiyo, na aliyekusomesha hakuwa jina tu la ukoo. Tafuta mtu mmoja kazini umwambie hivyo kwa sentensi moja, kwamba huyu ndiye aliyenisomesha. Inapunguza kujificha.

Kuhusu kuisahau sauti: kumbukumbu ya sauti hufifia kwa watu wengi, na kufifia huko hakupimi upendo. Ndiyo maana tumeanza na faili. Ukiwa tayari kusikiliza, chagua ujumbe mfupi, wa mambo ya kawaida, kama "umefika?" au "nipigie baadaye", usianze na ule wa siku za mwisho. Mchana, ukiwa na mtu, si kitandani usiku. Ukiusimamisha katikati hakuna ulichokosea. Wiki tisa ni mapema mno. Kulia, kuota unaongea naye, kushika simu kutaka kumpigia, yote hayo ni ya kawaida. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, huzungumzia majonzi yaliyorefuka pale yanapodumu kwa nguvu kwa miezi sita au zaidi na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Lakini ukikosa usingizi mfululizo, ukishindwa kula au kufanya kazi, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miezi sita. Mwone daktari au mshauri nasaha wiki hiyohiyo.

Kijitabu chenyewe una miezi kumi hivi, na inatosha. Kikiwa cha kushonwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 16, 20 au 24. Chagua ukubwa wa A5. Picha ya kujaza ukurasa mzima inahitaji kama pikseli 1,750 kwa 2,480 ili itoke safi, kwa hiyo usikusanye picha za ndugu kwa kutumiwa kama picha za kawaida za WhatsApp, maana huko hubanwa na kupungua. Waambie wazitume kama faili ya hati. Chini ya kila picha andika majina kutoka kushoto, mahali, mwaka au "takriban", na aliyepiga kama anajulikana. Usiyemjua mwandike "hajatambuliwa", pengine msomaji atamtambua.

Kabla ya kuchapa nakala zote, chapa moja tu. Mpe mjane, kisha mzee mwenye kumbukumbu kali kuliko wote, kila mmoja na penseli, na uwaachie wiki mbili. Makosa watakayoyakuta yatakuwa ya majina na miaka, si ya lugha, na jina la mtu lililokosewa kwenye kitabu cha marehemu huudhi kuliko aya nzima iliyosahaulika. Acha kurasa mbili tupu mwishoni zenye mistari. Watu watakuja siku hiyo na visa ambavyo hukuvipata, na watahitaji pa kuviandika kabla hawajaondoka.